Malin 1: waa lililodhaniwa kuwa jirani mdogo

Katika kundinyota la Nywele za Berenike, ubavuni mwa Mashuke (Virgo), kuna nukta yenye ukungu kidogo ambayo picha za kawaida za anga huionyesha kama galaksi ndogo isiyo na lolote la kumvutia mtu. Ukiikuza huoni mengi zaidi: kiini kinachong'aa kiasi, na kando yake giza. Giza hilo ndilo lenye kisa. Ndani yake imelala sahani ya nyota na gesi yenye upana wa zaidi ya miaka-nuru 500,000, ambao ni mara tano ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa kile kipimo tulichozoea cha miaka-nuru 100,000. Inaitwa Malin 1, na tangu ilipotambuliwa imekuwa ikitajwa miongoni mwa galaksi parafujo kubwa kupita zote zinazojulikana, yaani zile ambazo mikono yake hujipinda kutoka katikati kama mistari ya gamba la konokono.

Nimeichagua kwa uchambuzi huu kwa sababu imesomwa vibaya mara tatu, tena na watu makini. Mara ya kwanza ilidhaniwa kuwa kijigalaksi cha jirani. Mara ya pili ilichukuliwa kuwa dude moja la ajabu kuanzia kiini hadi ukingo. Mara ya tatu ilionekana kama sahani tulivu ambayo ilikuwa haijaanza kufanya lolote. Kila usomaji ulifuata vipimo vilivyokuwapo, na kila mmoja ulianguka kilipopatikana kipimo kimoja kilichokuwa kimekosekana. Nitavifuata vipimo hivyo kimoja baada ya kingine, kwa sababu kwa maoni yangu ndivyo vyenye utamu wa kisa hiki kuliko ukubwa wenyewe.

Mwanga uliotandazwa mno

Galaksi hung'aa kwa namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wengi. Kuna mwanga wake wote ukijumlishwa, na kuna mwanga unaotoka katika kila kipande kidogo cha uso wake. Chukua kopo moja la rangi. Ukipaka mlango, rangi inakolea. Ukilizimua kwa mapipa ya maji ukapaka ukuta wa uwanja mzima, rangi iliyotumika ni ileile, lakini atakayepita pale ataapa kwamba ukuta haujaguswa. Malin 1 ni ukuta wa namna hiyo. Ukijumlisha mwanga wake wote si galaksi dhaifu hata kidogo, ila mwanga huo umetandazwa mahali papana mno.

Namna hii ya pili hupimwa kwa magnitudi katika kila sekunde ya tao ya mraba, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kipimo chenyewe huenda kinyume na mazoea: namba ikipanda mwanga unafifia, na kila hatua ya magnitudi 5 ni tofauti ya mara 100. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu usiku hauna weusi kamili hata mahali pasipo na taa yoyote. Hewa ya juu hung'aa yenyewe kidogo. Vumbi lililotawanyika kati ya sayari hurudisha mwanga wa Jua. Nyota zisizoonekana moja moja huongeza chao. Jumla ya hayo yote, penye anga safi kabisa, ni takriban magnitudi 22 katika kila sekunde ya tao ya mraba. Sahani ya Malin 1, hata pale ambapo ingekuwa na nguvu zaidi, hufikia kama 25.5. Tofauti ya magnitudi 3.5 ni mara 25, kwa hiyo sahani hiyo huongeza kama asilimia 4 tu juu ya mng'ao wa anga lenyewe. Huko pembezoni huwa chini ya asilimia moja. Atakayetaka kuiona lazima kwanza aondoe usiku.

Mwaka 1970 mwanaastronomia Ken Freeman alichapisha vipimo vya galaksi 36 zenye sahani, akakuta 28 kati yake zina mng'ao wa katikati unaokaribiana sana, kama magnitudi 21.65 katika mwanga wa bluu. Ilionekana kana kwamba maumbile yana kalibu moja ya kutengenezea sahani. Mwaka 1976 Mike Disney akalipinga wazo hilo kwa hoja ambayo kila ninapoirudia naona ilistahili kusikilizwa mapema zaidi: namba hiyo iko karibu mno na mng'ao wa anga la usiku, kwa hiyo huenda hatuoni kalibu ya maumbile, tunaona ukubwa wa tundu tunalochungulia. Galaksi iliyotandaa sana humezwa na anga, na iliyobanana sana hufanana na nyota, kwa hiyo zinazobaki ni za katikati. Hoja ilikuwa nzuri, ila ilikosa mfano wa kushikika.

Mabamba ya kioo

Mfano ulitoka katika kazi iliyokuwa na lengo jingine kabisa. Gregory Bothun, Chris Impey, David Malin na Jeremy Mould walikuwa wakisaka galaksi hafifu katika Kundi la Virgo, mkusanyiko mkubwa wa galaksi ulio umbali wa miaka-nuru kama milioni 54. Zana yao ilikuwa mabamba ya kioo yaliyopigwa kwa darubini ya Schmidt ya Uingereza iliyoko Siding Spring, Australia. Kila bamba lilikuwa na upana wa sentimita 35 hivi na lilichukua eneo la anga la digrii sita na ushei kila upande, kwa hiyo vitu maelfu kwa maelfu viliingia humo kwa mpigo.

Ufundi wa Malin unastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila huo kisa hiki kisingekuwapo. Uso wa bamba umepakwa utando wa kemikali wenye chembechembe zinazobadilika zikiguswa na mwanga. Mwanga hafifu sana huzigusa zaidi chembe zilizo juu juu, ilhali zile zinazotiwa doa na mchakato wa kusafisha picha zimetawanyika kote ndani ya utando hadi chini. Malin alilibana bamba lililosafishwa juu ya filamu nyingine, uso kwa uso, kisha akamulika kwa mwanga uliotawanywa, usio na mwelekeo mmoja. Katika mwanga wa namna hiyo ni zile chembe za juu tu, zilizogusana na filamu, zinazonakiliwa kwa ukali, na za chini hupotea katika ukungu. Filamu yenyewe ilikuwa ya kutenganisha weusi na weupe kwa nguvu. Matokeo yake ni kwamba tofauti ndogo kabisa kati ya anga tupu na anga lenye kitu iliruka juu ikaonekana kwa macho. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa mikono, katika chumba cha giza.

Kati ya mawaa yaliyojitokeza, moja lilikuwa na kiini kidogo kilichozungukwa na ukungu mpana. Lilikuwa upande wa Kundi la Virgo, na orodha nzima ilikuwa ya galaksi za Virgo. Kulihesabu pamoja na wenzake ilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, nasi tulipime kwa namba. Kwa picha za baadaye, Malin 1 huchukua angani upana wa kama dakika 1.7 za tao, takriban sehemu moja ya kumi na nane ya upana wa Mwezi mpevu. Katika umbali wa miaka-nuru milioni 54, dakika moja ya tao ni sawa na miaka-nuru 15,700 hivi. Basi kitu cha dakika 1.7 kingekuwa na upana wa miaka-nuru 27,000, galaksi ya wastani mdogo, na ukungu wake ungeelezeka kwa urahisi kwamba ni kijigalaksi kilichoishiwa. Ukubwa unaoonekana angani hausemi chochote kuhusu ukubwa wa kweli mpaka umbali ujulikane, na umbali wa waa hili ulikuwa umekopwa kwa majirani zake wa machoni.

Rangi zilizosogea

Kipimo kilichokosekana kilikuwa spektra, yaani mwanga wa kiini ukichanuliwa kwa rangi zake. Atomi za kila elementi hutoa mwanga kwenye rangi zake maalumu, mistari ambayo haibadiliki popote pale. Mmoja wa hidrojeni, ukipimwa maabara, huangukia kwenye nanomita 656.3. Galaksi ya Kundi la Virgo, ambalo kwa wastani hutukimbia kwa kilomita elfu moja na ushei kwa sekunde, ingeusogeza mstari huo nanomita mbili au tatu tu kuelekea wekundu. Mistari ya Malin 1 imesogea kwa asilimia 8.26, hivyo ule wa 656.3 unakutwa karibu na 710. Kusogea huko kunatokana na kupanuka kwa ulimwengu wakati mwanga ungali njiani, na ukikugeuza kuwa mwendo unapata takriban kilomita 24,750 kwa sekunde.

Gawanya namba hiyo kwa 70, kasi ya upanukaji inayotumika sana, ya kilomita 70 kwa sekunde katika kila megaparseki. Unapata megaparseki 354, na kwa kuwa megaparseki moja ni miaka-nuru milioni 3.26, umbali unakuwa miaka-nuru bilioni 1.15. Hesabu kamili hutoa namba zinazotofautiana kidogo kutegemea unauliza umbali wa wakati gani, wa mwanga ulipoondoka au wa leo, lakini zote zinazunguka hapohapo. Waa lililodhaniwa kuwa la Virgo lilikuwa zaidi ya mara ishirini nyuma yake. Zile dakika 1.7 za tao, ukizipigia hesabu upya, zinavuka miaka-nuru 500,000.

Huo ulikuwa mwaka 1986, na makala ya ugunduzi ikatoka 1987. Kilichonigusa nilipoifuata hesabu hii kwa kalamu yangu ni kwamba hakuna kitu kilichobadilika kwenye bamba. Waa lilibaki lilelile, chembe zilezile. Mstari mmoja wa rangi ulikutwa mahali pengine, na kijigalaksi kikawa jitu.

Darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ikaongeza ushahidi wa namna nyingine. Hidrojeni baridi, ile isiyoonekana kwa macho, hutoa wimbi la redio kwenye masafa ya megahezi 1,420.4. Kutoka Malin 1 wimbi hilo linafika likiwa limeshuka hadi karibu megahezi 1,312, kiasi kilekile cha kusogea kilichopatikana kwenye mwanga, na nguvu yake inaonyesha gesi nyingi ya kushangaza. Vipimo vya baadaye vinaiweka kwenye masi ya Jua mara bilioni 70 hivi. Njia Nyeupe haifikii hata moja ya sita ya hiyo.

Gesi yote hiyo, na bado nyota ni chache kiasi kile. Kwa nini? Itandaze kwenye duara lenye nusu kipenyo cha parseki 100,000 (parseki moja ni miaka-nuru 3.26). Eneo lake ni kama parseki za mraba bilioni 31, kwa hiyo kila parseki ya mraba inapata gesi ya masi ya Jua mara mbili na kidogo. Katika sahani za galaksi nyingi, nyota huanza kutungwa kwa wingi pale gesi inapofika mara 5 hadi 10. Malin 1 ina akiba kubwa ambayo karibu kila mahali iko chini ya kiwango cha kushika moto. Hesabu hii ni ya mkono mkavu, maana inachukulia gesi imesambaa sawasawa na kwa kweli haiko hivyo, lakini inaeleza giza lile kuliko maneno mengi.

Kiini ambacho hakikuwa cha ajabu

Kosa la pili lilidumu kwa muda mrefu zaidi, karibu miaka ishirini. Waliogundua Malin 1 waliuliza katika kichwa cha makala yao ikiwa hii ni sahani ya galaksi iliyo bado katika utoto wake, na swali hilo lilikuwa halali. Hata hivyo liliwafanya wengi waifikirie galaksi nzima kama kitu kimoja: kiini kidogo cha katikati, kisha mara moja sahani hafifu ikitanda mpaka ukingoni. Picha za kutoka ardhini hazikuweza kusema vinginevyo. Sekunde moja ya tao katika umbali ule ni miaka-nuru 5,000 hivi, na hewa ya dunia huvuruga vitu vya ukubwa huo.

Mwaka 2007 Aaron Barth alichapisha uchambuzi wa picha ya Malin 1 iliyopigwa na Darubini ya Anga ya Hubble. Katikati mle mlikuwa na galaksi ya kawaida: tumbo la nyota lililovimba, upau wa nyota ulionyooka ukikatiza katikati, na sahani ya ndani yenye mng'ao wa kawaida na dalili za mikono. Ungeikata hapo, ukatupa vilivyobaki, ungepata galaksi yenye upau ambayo ingekaa kwenye orodha yoyote bila mtu kugeuza shingo. Ile sahani kubwa hafifu inaanza nje ya hapo. Maana yake ni kwamba ile namba ya 25.5 niliyoitaja juu si mng'ao wa katikati ya galaksi hata kidogo. Inapatikana kwa kuurefusha mstari wa sahani ya nje kuelekea ndani, mpaka mahali ambapo kwa kweli pamekaliwa na kitu kingine. Msomaji anayekutana na namba hiyo kwenye majedwali aikumbuke asili yake.

Upande wa redio nao ulihitaji kusahihishwa. Ramani za hidrojeni zilizotengenezwa miaka ya 1990 zilionyesha mzunguko unaopanda polepole kutoka katikati, tabia ya galaksi ambazo katikati yake mna nyota chache. Lakini ukali wa ramani hizo ulikuwa kama sekunde 20 za tao, ambazo kwa umbali huu ni miaka-nuru 100,000. Kila nukta ya ramani ilikuwa imechanganya eneo la ukubwa wa Njia Nyeupe nzima, gesi iendayo na irudiyo zikafutana. Mwaka 2010 Federico Lelli na wenzake walizichambua upya data hizo huku wakizingatia mchanganyiko huo. Mzunguko ukaonekana kupanda kwa ghafla karibu na kiini, kama inavyotarajiwa katika galaksi iliyosheheni nyota katikati, kisha ukatandaa kwenye kasi ya takriban kilomita 200 kwa sekunde na zaidi. Kwa hiyo Hubble na redio, kwa njia zisizotegemeana, zilisema jambo moja: ndani ni kawaida, nje ndiko kwenye maajabu.

Tukae kidogo na hiyo kasi. Gesi iliyo parseki 80,000 kutoka katikati, ikizunguka kwa kilomita 200 kwa sekunde, huhitaji miaka bilioni 2.5 kumaliza duara moja. Jua letu humaliza la kwake katika Njia Nyeupe kwa miaka kama milioni 230. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, basi hata kama ukingo wa Malin 1 ungekuwapo tangu mwanzo, usingekuwa umezunguka hata mara sita. Kasi hiyohiyo pia inadai uzito wa kuishikilia: ili gesi isitupwe nje, ndani ya duara hilo lazima kuwe na masi ya Jua mara bilioni 700 hivi. Gesi tuliyoihesabu ni sehemu moja ya kumi tu ya hiyo. Hata ukijumlisha na nyota, pengo linabaki, na pengo hilo ndilo linalohesabiwa kuwa la mata ya giza, ile isiyotoa mwanga wala redio bali huvuta tu.

Mikono ikaonekana

Kwa muda mrefu sahani ya nje ilichorwa akilini kama ukungu sawia. Mwaka 2015 Gaspar Galaz na wenzake walichapisha picha walizozipata kwa darubini ya Magellan Clay yenye kioo cha mita 6.5 huko Las Campanas, Chile. Walifika kina cha kama magnitudi 28 katika kila sekunde ya tao ya mraba kwa mwanga wa bluu. Picha ilionyesha mikono mirefu, iliyokatikakatika na kukunjuka polepole kutoka ile galaksi ya ndani hadi mbali gizani, pamoja na mabonge ya nyota changa yaliyotawanyika juu yake. Mwaka uliofuata Samuel Boissier na wenzake, wakitumia picha za rangi kadhaa pamoja na mwanga wa urujuanimno, walihitimisha kwamba nyota za sahani ya nje zimekuwa zikitungwa polepole kwa muda mrefu, bila pigo kubwa la karibuni.

Kwangu mimi hii ndiyo picha nzuri kuliko zote za kisa hiki. Kabla ya hapo neno "parafujo" lilikuwa linastahili sehemu ya ndani tu. Sasa ilionekana kwamba hata penye gesi nyembamba kiasi kile mawimbi ya msongamano hupita, huikusanya hapa na pale ikavuka kile kiwango cha kutunga nyota, kisha ikatulia tena. Hesabu yangu ya mkono mkavu haikuwa na nafasi ya jambo hilo, na mikono ndiyo iliyoisahihisha.

Sahani kubwa namna hii ilitoka wapi? Hapo wataalamu wamegawanyika, na sioni sababu ya kuficha ninakoegemea. Dhana moja, iliyotolewa na Michela Mapelli na wenzake mwaka 2008, ni ya mgongano: galaksi moja ilipita katikati ya nyingine, sahani ikapanuka kama viwimbi bwawani, na baada ya miaka mingi pete ikafifia ikawa ukungu. Dhana nyingine inaona vijigalaksi vilivyoraruliwa vikimwaga nyota zake pembezoni. Mwaka 2018 Qirong Zhu na wenzake walionyesha ndani ya uigaji wa kompyuta uitwao IllustrisTNG galaksi inayofanana sana na Malin 1, ambayo sahani yake ilikua baada ya galaksi nyingine kuingia na kuchochea gesi ya moto ya pembezoni ipoe na kuanguka kwa utaratibu. Mimi naipa uzito dhana hii ya mwisho. Ina mahali pa kuweka galaksi ya kawaida katikati, ina chanzo cha gesi nyingi, na haihitaji pigo kali ambalo sahani ya mizunguko mitano au sita lingeiacha na majeraha ya wazi. Dhana ya mgongano inabanwa zaidi na Boissier, maana nyota zilizotungwa polepole na kwa mfululizo si alama ya mlipuko mmoja. Ila yapo majirani: karibu na kiini kuna galaksi ndogo iitwayo Malin 1B, na mwingiliano wake na jitu hili umejadiliwa tangu 2010. Mtu anayependa migongano ana pa kushika.

Mwaka 2024 vilitoka vipimo viwili ambavyo vimeigusa ile dhana ya utoto ya 1987 moja kwa moja. Mitambo ya redio ya ALMA, Chile, iliona kaboni monoksidi katika sehemu ya katikati, baada ya zaidi ya miongo mitatu ya kuitafuta bila mafanikio. Gesi hiyo ndiyo alama ya hidrojeni iliyoungana katika molekuli, mali ghafi ya nyota. Na chombo cha MUSE, kilichofungwa kwenye darubini kubwa ya Ulaya huko Paranal, kilichanua mwanga wa mabonge mengi ya gesi inayong'aa, mengine yakiwa mbali sana kwenye sahani ya nje. Junais na wenzake walipima humo kiasi cha elementi nzito. Sahani changa isiyoguswa ingekuwa na kidogo sana, kwa kuwa elementi hizo hupikwa ndani ya nyota na nyota za huko ni haba. Walichokuta ni kiwango kinachoshuka kwa kasi kutoka kiini, kisha kinaacha kushuka na kutulia kwenye zaidi kidogo ya nusu ya kile cha Jua, hukohuko gizani. Gesi ya pembezoni mwa Malin 1 imekwisha kupita ndani ya nyota, ama zake yenyewe kwa miaka mingi, ama za galaksi nyingine kabla ya kufika pale.